Mikro Iguse Mdomo wa Mama

Johannesburg

Ndugu yangu Dieudonné,

"Mikro nzuri ni ile inayosikia kila kitu." Hayo ni maneno yako. Uliniandikia, ukayarudia, na sasa fundi wa sauti wa korali, kwaya yenu, anayasema kama fungu la katekisimu. Niliyasoma nikiwa jikoni, nikayajibu kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Kila kitu kipi? Siku ya harusi ya binti yako, kwenye uwanja wa parokia, kila kitu maana yake ni jenereta, ngoma, upepo wa ziwa, wajomba waliokunywa na sahani zinazogongana. Kipaza sauti chenye masikio ya namna hiyo kitawaletea wageni hayo yote, na Mama juu yake kidogo, kama chumvi.

Lakini adabu kwanza. Hamjambo huko nyumbani? Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mke wako amepona kile kikohozi? Mimi ni mzima. Nafundisha Kifaransa, na Jumamosi nasimama kwenye mikutano ya wapangaji kuwapigia kelele wenye nyumba. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonifundisha habari za mikro, maana mtu anayebishana barabarani hupewa kila aina ya chuma, na anajua upesi kipi kinamsaliti.

Hapa hakuna ziwa. Upepo ukivuma napeleka pua dirishani kama mjinga, nikitafuta ufukwe wetu. Unakumbuka? Wanawake wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, harufu ikituingia mpaka kwenye madaftari ya shule, na Mama katikati yao akiimba ule wimbo wa kwao Moba, wa kumtoa bibi harusi. Hakuwa na chombo chochote. Treni ilipiga honi, yeye akaendelea, na Papa, baba yetu, alituapia kwamba alimsikia akiwa karakana ya reli, chini ya behewa. Sikumwamini Papa kwa jambo lolote la siasa, lakini hilo nalisadiki hadi leo.

Sasa sauti ile imezeeka. Haijafa, imeteremka, imekuwa nyembamba, haiendi mbali na midomo. Na wimbo ule hakuna mwingine kwetu anayeujua hadi mwisho. Ndiyo maana video ya sikukuu ya parokia iliniliza. Mama anaimba, watu wanaongea, mtu anacheka, na yeye anaukatisha wimbo na kukaa. Baadaye akawaambia kwamba hataimba tena mbele ya watu, hata kwa mjukuu wake. Ninyi mkaamua kwamba mikro ilikuwa dhaifu, mkaanza kuitamani ile ya studio.

Video ile nimeitazama mpaka nimeichosha. Itazame nawe, lakini usimtazame Mama, jitazame wewe. Umesimama ubavuni pake, umeinama, macho chini, umeshika mikro kwa mikono miwili kama unampa mkwe maji. Haifiki hata kifuani pake! Umeacha ile nafasi ambayo mtoto aliyelelewa vizuri huiacha kati ya mkono wake na uso wa mzazi. Malezi hayo ni ya Mama mwenyewe, na ndiyo yaliyomnyamazisha.

Nilipokupigia simu kukuambia hivyo, mimi dada yako mkubwa, ulikasirika.

"Yaya, unataka nimusukumie Mama chuma mu kinywa mbele ya bakwe?"

"Ndiyo."

"Batu watasema sina adabu!"

"Watasema wakinong'ona, maana Mama atakuwa anasikika."

Mama akakunyang'anya simu. "Weye, tangu mutoto ulikuwa unagombana na redio. Hiyo mikro, inaimbiwa ao inalambwa?"

"Karibu kulambwa, Mama."

Akacheka. "Kama batanisikia, nitaimba. Kama hapana, muniache na haya yangu."

Umesikia mwenyewe. Basi chukueni mikro ya dinamiki, ile ya kawaida ya waimbaji wa jukwaani. Ina masikio mazito, na huo ndio wema wake: inapokea kinachoisogelea, ya mbali inawaachia wenyewe. Haidai umeme kutoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na ikianguka inaokotwa na kuendelea na kazi. Chagueni inayosikia mbele tu, na spika ziwekeni upande wa mgongo wake, la sivyo itapiga mluzi. Isiwe na swichi, vidole vya Mama vitaizima bila yeye kujua. Isimchoshe mkono. Na msiichague kwa "alo, alo" ya fundi: mdomo ukiwa karibu, chuma hiki huinenepesha sauti, na mwenye kifua kizito kama cha fundi ataziona mikro zote nzuri. Ajaribu Mama, nje, jenereta likinguruma. Mchukue ile inayofanya maneno yake yaeleweke, hata kama nyingine inabembeleza zaidi.

Fundi wako atasema ya studio ni bora. Ni bora, studioni. Akitaka ugomvi, anajua pa kunipata.

Nisalimie mke wako, na bibi harusi, mwambie shangazi yake atakuwa kwenye simu siku nzima akiwatazama. Msalimie pia Mjomba Kabalo, kaka yake Mama, na umkalishe mbali na ngoma asije akazitwaa kama kawaida yake.

Sasa nasema na wewe, Dieudonné, na ninyi nyote wa korali. Siku hiyo mkabidhini Mama mikro mkononi mwake mwenyewe, ajiwekee midomoni. Mpeni kwa mikono miwili, mkiinama mpendavyo. Adabu yenu iishie hapo. Kisha ondokeni mbele yake, mnyamaze.

Yaya wako, anayewagombeza kwa kuwapenda,

Béatrice