Niliyowaambia Kuhusu Sudi

Etterbeek, 9 Juni 2014

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti lako limetulia tangu ubadilishiwe dawa. Sisi huku ughaibuni hatujambo, alhamdulillahi. Nimempa Dada Warda, anayekuja huko, akukabidhi mkononi, maana haya siwezi kuyasema kwenye simu nyumba nzima ikisikiliza.

Kwanza habari njema: Sudi amepata ile karatasi. Unakumbuka kazini kwake walitaka kumpandisha, atoke kwenye kutengeneza kompyuta za kawaida aende kulinda zile zenye siri za serikali. Ilibidi apewe idhini ya usalama, na hiyo haitolewi mpaka maisha ya mtu yachunguzwe. Mwaka 2011 walimkatalia. Tukakwambia ni fitina, kuna mwenye wivu aliyempaka matope. Ulilia, ukasema aliyemharibia mwanao Mungu atamwonyesha.

Mama, haikuwa fitina. Sudi alikuwa anakunywa pombe.

Alianza baada ya msiba wa Baba, alipofika huko nyumbani Buyenzi akakuta mmeshazika siku mbili nyuma. Aliporudi hapa kwangu hakusema na mtu. Ilikuwa bia mbili akitoka kazini, kisha zikawa chupa za wiski anazozificha nyuma ya mashine ya kufulia. Asubuhi mimi ndiye niliyempigia simu mkubwa wake, Bwana Antoine, kusema Sudi ana homa. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka yule bwana akaniuliza kwa huruma kama tumempima malaria.

Kwenye fomu aliulizwa kama ana shida ya pombe. Akaandika hapana. Alipokuwa kazini, wakaja wachunguzi wawili nyumbani, mwanamke na mwanamume, watu wapole. Nikawapa chai. Yule mama akanieleza kwamba hawamfukuzi mtu kwa sababu amewahi kunywa. Wanachoogopa ni mlevi kuropoka siri, au mtu mbaya kuujua udhaifu wake akamtisha nao. Halafu akauliza: "Madame, ndugu yako anakunywa?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Lakini alfajiri ile nilikuwa nimemkuta Sudi bafuni, amelala kifudifudi kwenye vigae, na kwa muda nilidhani amekufa. Bon, basi, nikasema ndiyo. Nikasema yote.

Kwa hiyo Mama, yule uliyemwombea mabaya ni mimi binti yako.

Barua ya kumkatalia ilisema tatizo kubwa ni kwamba ameficha na hatafuti tiba. Aliisoma jikoni, akaikunja, akaenda kulala. Mimi sikuthubutu kumwambia kwamba ni mimi niliyemsema. Mwezi haujaisha, akaingia hospitali mwenyewe, wiki sita. Tangu hapo kila Alhamisi anakwenda Auderghem kukaa na wenzake waliopitia hayo hayo. Yuko huko mzee mmoja wa Lubumbashi, Tonton Donatien, anayewachekesha wote. Leo ni miaka miwili na miezi mitano hajagusa hata tone. Safari hii kwenye fomu ameandika kila kitu kwa mkono wake, akaambatanisha na barua ya daktari. Wakakubali.

Siku ile ile nikamwambia ni mimi niliyemsema. Akanitazama, akacheka kidogo. "Dada, nilijua tangu mwanzo. Nilikukasirikia wiki mbili. Halafu nikachoka kukasirika, nikamtafuta daktari." Nililia, Mama, yeye akaenda kuosha vyombo.

Anakuja kwako Idi, na hataki kuingia nyumbani na uongo wetu. Ndiyo maana ameniomba nitangulize barua. Hasira zote niwekee mimi, nazistahili, na ule uongo wa fitina ulikuwa wangu pia.

Nisalimie Tonton Radjabu na majirani wote. Utuombee dua.

Na Sudi akipiga hodi, tafadhali usianze na habari za kazi. Muulize tu anaendeleaje, kisha ukae naye mpaka ajibu.

Mimi mwanao akupendaye,
Mwanvua