Ruta Mpya Siitaki, Kaka

Kaka Elisante,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu kwenye gemu huwa hatusalimiani. Mechi ikianza wewe unasema linda geti, nami nalinda geti, na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwaka mzima. Nakuandikia hapa mtandaoni ambapo kila mtu atasoma, shangazi zetu na nusu ya kwaya ya usharika wakiwemo, kwa sababu ujumbe ninaokutumia faraghani unausoma, kisha unanijibu habari za vifaa. Labda mbele za watu utanijibu nilichokuuliza.

Unakikumbuka kile kibanda cha gemu cha Kimandolu? Mama alikuwa akitutuma kupeleka ndizi kwa mteja wake, na tukishazishusha, ulikuwa unanivuta mkono hadi kwenye chumba kile chenye pazia la khanga na harufu ya viazi vya kukaanga. Nilikuwa mdogo, nikikaa kwenye benchi miguu haigusi chini. Ulinipa pedi ya kuchezea, nikaibonyeza kwa nguvu zote, mchezaji akakimbia, akafunga goli, nikaruka kwa furaha. Ilinichukua Jumamosi nyingi kugundua kwamba waya wa pedi yangu haukuwa umechomekwa popote. Nilipokuuliza ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Kisha ulinichomekea, ukaninyuka magoli hadi nikalia, ukaniambia, "Bora ulie unacheza kuliko ucheke huchezi." Nilikupenda sana siku ile.

Nakumbuka pia kikao baada ya kumzika Baba. Viti vya kuazima vilikuwa bado vimepangwa kwenye migomba, na sisi wote tulijua kitakachosemwa, maana huku Akheri jambo hilo halina mjadala: nyumba ya baba ni ya kitinda mimba. Wakubwa wanagawiwa viwanja vya pembeni, wanajenga au wanaondoka, na wa mwisho anabaki na mama, makaburi na ng'ombe. Baba mdogo alizungumza, shangazi akaitikia. Mimi sikuulizwa, kama ambavyo mlango hauulizwi utakaa upande gani wa nyumba. Halafu ukasimama wewe, mkubwa wetu, ambaye kinywa chako sasa ndicho kinywa cha Baba, ukasema mdogo wako hatakosa kitu. Watu wakakupigia makofi, tukala loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, na siku chache baadaye ukarudi zako Hamburg, Ujerumani.

Kompyuta ya gemu ya kuninunulia ulianza kuitaja ukiwa bado uwanja wa ndege. Sitakudanganya, wiki zile zilikuwa tamu. Nilikuwa nasimama kwenye duka la Levolosi ninapotengenezea kompyuta za watu, simu mkononi, nakuonyesha rafu moja baada ya nyingine, nawe unabisha kutoka huko. Ulitaka kadi ya picha kubwa kuliko zote. Nikakuambia kadi kubwa ikiwekwa na prosesa dhaifu itakuwa inamsubiri mwenzake kila hatua, tuchukue ya kati na prosesa inayolingana nayo. Kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, tuligombana kabisa. Wewe ulisema yoyote inatosha, kumbe umeshasahau umeme wa kwetu unavyopanda na kushuka. Nilikuambia mtu akibana matumizi kwenye pawasaplai ataunguza vyote alivyovinunua kwa majivuno. Ukasema sawa fundi. Neno hilo lilinipendeza, maana mkubwa hakubali kirahisi mbele ya mdogo wake.

Siku nilipoiwasha, Mama aliingia na khanga mabegani, akaitazama ile taa ya feni ikibadilika rangi, akauliza, "Inapika nini?" Tulicheka wote watatu, wewe ukiwa kwenye simu. Nadhani hicho ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka pamoja bila kitu kingine ndani yake.

Kwa sababu gemu lenyewe, kaka, lilinikataa tangu mwanzo. Seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mechi, iko huko kwenu, karibu na mlango wako. Wewe ukibonyeza, inasikia papo hapo. Mimi nikibonyeza, amri ya kidole changu inatoka Akheri, inavuka bara na bahari, ndipo inafika, na mpaka irudi mambo yamekwisha. Ndiyo maana nilikuwa nakimbilia nyuma ya ukuta, kwenye kioo changu nimeshajificha kabisa, napumua, halafu naanguka nimekufa. Kwangu nilikuwa salama, lakini kwa seva nilikuwa bado nimesimama uwanjani. Wale wenzako watatu wa timu walinitukana kwa lugha ambazo sikuhitaji kutafsiriwa. Mwanzoni ulikuwa unawaambia huyu ni mdogo wangu, mvumilieni. Baadaye ukaacha kuwaambia.

Ukasema tatizo ni kadi. Nilikuambia si kadi, ni umbali, na hii ndiyo kazi inayonilisha. Ukasema tujaribu tu. Kadi mpya ikaja kwenye begi la mgeni wa usharika, nikaifunga, picha zikawa nzuri ajabu, na mimi nikawa nakufa nyuma ya ukuta ule ule, ila sasa naona kila tofali. Ukasema ni ram. Ram ikaja. Ukasema ni monita, na monita ikaja, kubwa kama dirisha. Siku hizi ninakufa kwa uzuri kuliko mtu yeyote mkoa huu.

Nilichelewa kuona jambo moja, na nikishakuambia hutaweza kusema hukuliona. Kadi ilikuja baada ya mimi kukuambia nimeona nafasi ya mafunzo Dar es Salaam. Monita ilikuja baada ya kukuambia rafiki yangu ananiita Mwanza tufungue duka. Kila nilipogusa mlango, kulifika kifurushi. Na kila kifurushi Mama alikifungua kwa mikono miwili, akasema ona kaka yako anavyokujazia chumba, wewe unataka nini tena. Majirani nao wakasema kitinda mimba huyu amepata bahati. Unawajua ng'ombe wetu wa ndani, wanaoletewa majani na maji ili wasitoke bandani. Wananenepa, ngozi zinang'aa, na wageni wanawasifia. Mimi ndiye ninayewakatia majani, na kuna asubuhi nashindwa kuwatazama machoni.

Halafu ikaja hii kazi ya Dar. Ni kampuni inayofunga na kutunza seva, kazi niliyoisomea kwenye simu wakati wewe ukidhani nafanya mazoezi ya kulenga shabaha. Waliona nilichofanya, wakaniita kwa jina, wakasema wanataka jibu langu ifikapo Ijumaa. Mdomo wa kumfikishia Mama jambo kama hilo si wangu, ni wako, ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo Jumamosi nilikuambia katikati ya mechi, kwa kuwa hapo ndipo pekee ninapokupata.

Nilisema, "Kaka, nimepata kazi Dar. Naomba uongee na Mama."

Nilisikia unavyopumua. Nilisikia hata kijiko kikigonga kikombe chako. Kisha ukasema hunisikii, mtandao wangu mbovu. Nikarudia taratibu, kama mtu anayemsomea babu yake barua. Ukasema linda geti kwanza. Geti likabomolewa, tukashindwa, wale watatu wakanitukana, nawe ukaaga. Nilikuandikia jambo lile lile kwa maneno, nikaona umesoma. Kesho yake baada ya ibada ukanijibu kwamba unanitumia ruta mpya ya kuongeza kasi ya mtandao, na hiyo itamaliza tatizo lote.

Nilicheka peke yangu hadi Mama akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kaka anatuma zawadi.

Kaka, gemu letu lina sheria kwamba anayetoka katikati ya mechi anaadhibiwa, na waliobaki wanaambiwa wamalizie hivyo hivyo wakiwa pungufu. Wewe ulitoka mapema sana. Nani aliwahi kukuadhibu? Ulipopata nafasi ya kwenda, Baba alichinja mbuzi. Nilishika sahani yako, nikafurahi kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba safari yako imelipiwa kwa kukaa kwangu.

Jumatano nilichoka kusubiri kinywa chako, nikatumia changu. Mama alikuwa anakamua ng'ombe. Nilipiga magoti kando yake, nikamwambia kuna kazi Dar, nimeitwa, nataka kwenda. Hakugeuka. Alimaliza chuchu aliyokuwa nayo, akaifuta kwa kitambaa, ndipo akaniambia jambo ambalo wewe unalijua tangu siku zile za kikao na mimi nililisikia siku hiyo tu.

"Elisante aliniambia ni wewe uliyeomba kubaki," alisema. "Akasema nisikuulize, utaona aibu."

Nikamwuliza kwa nini ungesema hivyo. Akafikiri kidogo, maana hapendi kukusema vibaya, akasema ulilia usiku ule kabla ya kusafiri. Ulimwambia huko uliko hakuna anayekujua, na ukirudi unataka ukute mtu ndani ya nyumba. Ulimwambia unaogopa siku utakayofika ukute kufuli.

Nimekukasirikia, kaka, na ninaandika hivyo nikiwa nimetulia. Pia nimekuonea huruma, na huruma hiyo imenikasirisha zaidi, maana ningependa kukukasirikia bila kuchanganya. Nimekuona akilini ukitoka kazini kwenye baridi, ukiwasha kompyuta yako uone kama jina langu lipo, na ukiliona, unajua nyumbani bado kuna mtu. Ndiyo maana hukujali tunashinda au tunashindwa. Ulikuwa unachungulia kama taa inawaka. Lakini hiyo taa ni mimi, na mimi nina miaka yangu inayopita.

Mama alisema neno moja tu baada ya hapo: "Nenda, baba."

Ungedhani niliruka. Mwenyewe nilidhani nitaruka. Leo asubuhi nimekaa mbele ya hii monita uliyonipa, ujumbe wa kampuni uko wazi, na vidole viko juu ya kibodi. Nje Mama amepita na ndoo ya maji ya ng'ombe, ndoo ambayo hajaibeba tangu nyonga ianze kumsumbua. Hakuniita. Alipita makusudi mbele ya dirisha langu, kichwa juu, ili nione kwamba anaweza. Alipofika kwenye mibuni aliitua, akashika nyonga, akageuka kutazama kama namtazama. Nikarudi nyuma haraka asinione. Akaibeba tena, akaendelea, maji yakimwagikia miguuni. Anafanya mazoezi ya kukaa bila mimi. Hakuna tena anayenizuia, kaka, na bado sijaweza kuandika neno ndiyo.

Kwa hiyo sikuombi ruta, wala kadi, wala chochote kinachoingia kwenye begi. Naomba urudi. Njoo ukae msimu mmoja tu wa kahawa, uchume, ukate majani, ubebe hiyo ndoo, ulale kwenye nyumba unayoogopa kuikuta na kufuli. Njoo uwe wewe mtu aliye ndani. Na kama kweli huwezi, basi mpigie Mama leo, umwambie sikuwahi kuomba kubaki. Umwambie kwa sauti yako, akusikie vizuri, kwa sababu mtandao wa hapa si mbovu kama unavyosema. Nikiondoka nataka niondoke kama mwana aliyeagwa, si kama mtu aliyetoroka. Nikibaki, iwe ni kwa sababu mimi mwenyewe nimesema nabaki.

Nakuaga sasa, maana jibu lao linatakiwa kesho na bado sijalianza. Jumamosi hii usinisubiri getini. Mama anakusalimu, ingawa hajui bado kwamba nimekuandikia. Yuko nje. Tangu aliporudi bandani anafua nguo zangu, hata zile zilizo safi.

Mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa