Miche Kumi ya Nyuma ya Jiko

Chuo cha Kilimo,
25 Aprili 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na goti lako.

Baba, nisamehe. Nilipokuja Pasaka nilipasua chungwa la mti wa marehemu mama. Limepinda upande mmoja, mbegu zimesinyaa, na majani yana mabaka ya njano. Nahofia mtini mmejificha vijidudu visivyoonekana kwa macho. Na kijiji kinataka kukata vikonyo vya matawi yake na kuvibebesha viungane na mashina ya miche mia tatu ya shamba la ujamaa! Yote itaugua.

Hakuna fundi wa kubebesha kama wewe. Chukua miche kumi ya ndimu: mitano uibebeshe vikonyo vya mti wa mama, mitano vya mchungwa wangu wa nyuma ya jiko. Kama ugonjwa upo, miche itasema.

Mwanao,
Tereza

Buswelu,
9 Mei 1976

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Loo! Mti wa mama yako, uliolisha nusu ya kijiji, ndio mgonjwa? Na unaupima na kile kijiti kilichoota kwa mbegu uliyotema ukiwa na meno ya utoto? Sijapata kuona bwana shamba anayevaa sketi. Lakini nimebebesha yote kumi, ipo nyuma ya jiko, na kamati ya kijiji nimeiambia ingoje. Utaona aibu.

Baba yako

Chuo cha Kilimo,
15 Agosti 1976

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Miche inasemaje? Kama umenikasirikia, andika hata matusi.

Mwanao,
Tereza

Buswelu,
21 Novemba 1976

Mwanangu Tereza,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa nadanganya. Ile mitano ya mama yako niliipa samadi kila Jumapili nikitoka kanisani. Yako sikuipa hata kiganja. Upendeleo, nakiri. Basi iliyoshiba ndiyo imeshikwa na mabaka ya njano, yale yale uliyoandika. Yako, yenye njaa, ni kijani tupu.

Mti wa mama yako nimeukata mwenyewe, sikumwachia mtu shoka. Nimelia, nisikufiche. Kisha nikakumbuka ni yeye aliyegoma nilipotaka kukuachisha shule, nikatulia.

Jana mwenyekiti Shimba alileta watu kuchukua vikonyo nyuma ya jiko. Wamekiacha kijiti chako kama kuku aliyenyonyolewa. Miche mia tatu, yote watoto wake! Wakiniuliza nani aliyeugundua ugonjwa, nawajibu kwa sauti mpaka majirani wanatoka nje.

Tangu ujue kusema, wewe ndiye unayenisalimu. Leo ni zamu yangu, na usinibishie.

Shikamoo, bwana shamba.

Baba yako