Chini ya Chumba cha Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikimsumbua mdogo wao kimeshapoa. Mama naye, magoti yake yanaendeleaje huko kwenu kwenye baridi? Mwambie namsalimu sana, na nguo alizoniachia nimezikunja zote sandukuni. Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, naenda shuleni kufundisha, narudi. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami nikikatizwa sitafika mwisho. Nakuomba uisome ukiwa peke yako kwanza.

Uliponiambia tuiuze nyumba ya Baba, kwa kuwa Mama hatarudi tena kuishi huku, nilianza kazi wiki ile ile. Nilimtafuta dalali, yule mnene wanayemwita Bwana Funguo, kwa jinsi anavyotembea na shada la funguo kiunoni utadhani mlinzi wa gereza. Alizunguka nyumba nzima mikono nyuma, kisha akanikalisha kitako na kunipa masomo. Alisema mnunuzi huamua katika dakika ya kwanza, zinazofuata ni za kujipa moyo tu, kwa hiyo nianzie getini: nikwangue kutu, nipake rangi, nifyeke majani. Bomba la jikoni linalodondoka nilibadilishe, maana mtu akisikia tone moja huanza kuyatilia shaka mabomba yote. Vyombo nipunguze nusu ili vyumba vionekane vikubwa. Picha zetu niziondoe ukutani, mgeni apate nafasi ya kuziwaza zake. Watu waitwe asubuhi, jua likiwa sebuleni. La mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kama daktari anayetoa majibu: nisijibu nisichoulizwa.

Nilifanya yote, kaka, na mengine yalinifurahisha. Geti sasa linafunguka kwa kidole kimoja. Nilipoibandua picha ya Baba, mahali pake pakabaki mraba safi ukutani, nikapapaka rangi haraka kabla sijaanza kupatazama.

Kilichobaki kikawa chumba cha nyuma, kile cha wageni kinachotazama kamba za nguo. Unaukumbuka ufa uliokuwa kwenye kona ya dirisha? Ulipouona mara ya mwisho ulikuwa kama alama ya kalamu. Mwaka huu umepanda mshazari mpaka dari. Chini unaingiza ukucha, juu unaingiza kidole kidogo chote.

Nilimwita Fundi Timazi, yule mwashi aliyejenga ukuta wa jirani. Jina amelipata kwa sababu hatembei bila timazi yake, lile pande la chuma lenye kamba la kupimia kama ukuta umesimama wima. Watu husema hata msibani huenda nayo mfukoni. Aliining'iniza pembeni mwa ukuta, kisha akabandika kipande cha karatasi juu ya ufa, gundi huku na huku, na kuandika tarehe. Alinieleza kwamba plasta ikipasuka si kitu, hiyo ni ngozi tu. Lakini ufa wa mshazari, tena unaopanuka kadiri unavyopanda, maana yake upande mmoja wa nyumba unazama. Karatasi ikibaki nzima, ufa ni wa zamani na umelala. Ikichanika, ukuta unatembea.

Siku zile nilikuwa nikitoka shuleni sivui hata viatu. Naenda moja kwa moja chumba cha nyuma, nasimama mlangoni, natazama karatasi. Siku ya tatu nzima. Siku ya tano nzima, nikaimba jikoni. Siku ya nane niliikuta imechanika katikati, vizuri kabisa, kama mtu ameikata kwa mkasi. Nilirudi kinyumenyume mpaka sebuleni nikaketi, mkoba ungali begani.

Fundi alipokuja kuiona aliniuliza kama chini ya chumba kile kuna kitu chochote, choo cha zamani, shimo la taka, kisima. Nilimwambia hakuna. Aliniuliza mara ya pili, polepole, akinitazama. Nikarudia kwamba hakuna. Akakunja kamba yake na kusema, "Basi mimi hapa sitii mkono, dada. Sifuniki nisichokijua." Akaenda zake.

Bwana Funguo yeye hakuwa na mashaka. Alisema mafundi wazee hupenda kutisha watu, akaniletea fundi wake wa rangi. Kwa siku moja ufa ukazibwa, ukalainishwa, chumba kikapakwa rangi ya krimu. Kilipendeza, kaka, siwezi kukudanganya. Lakini siku ya nne, chini ya ile rangi mpya, niliona mstari mwembamba kama unywele. Dalali akasema tusukume kabati la Mama mahali pale na mambo yameisha. Tulilisukuma wote wawili. Lilipokuwa linapita sakafuni nilisikia mlio uliobadilika katikati ya chumba, mzito kwanza, halafu wa wazi, halafu mzito tena. Nilimtazama dalali. Alikuwa anajifuta jasho, hakusikia kitu.

Jumamosi iliyofuata walikuja wateja: nesi mmoja mtaratibu wa maneno, mumewe fundi wa kuchomelea vyuma, na mabinti zao wawili, wa miaka tisa na sita hivi. Jua lilikuwa sebuleni kama tulivyoagizwa. Mume alilipenda geti, akaligusa kila kiungo. Mke aliuliza maswali ya mtu anayejua kutunza nyumba: paa lina miaka mingapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, jirani wa nyuma ni mtu gani. Niliyajibu yote kwa ukweli, na kila nililojibu lilinipa pumzi kidogo. Alipofika chumba cha nyuma alisimama mbele ya kabati akauliza kwa nini limewekwa pale, likiziba nusu ya dirisha. Kabla sijafungua mdomo Bwana Funguo alidakia kwamba mama mwenye nyumba alikuwa hapendi jua. Nesi akatikisa kichwa kidogo, akatoka kwenda kuangalia jiko.

Wale wasichana wakabaki. Mkubwa alisema hiki ndicho chumba chao, kitanda chake kitakuwa hapa na cha mdogo pale, halafu akatoa kamba ya kuruka kwenye mfuko wa gauni lake. Mimi nilikuwa ukumbini na baba yao, ananiuliza habari za mita ya umeme. Nikaanza kusikia miguu yao. Tu, tu, tu. Ulikuwa mlio wa pipa tupu likipigwa kwa kiganja. Yule bwana alikuwa anaendelea kuongea, naona midomo yake inacheza, sisikii neno. Nilitazama ndani. Mlango wa kabati ulikuwa unatetemeka kila wanapotua, na vumbi jeupe lilikuwa linamwagika nyuma yake, taratibu, kama unga unaochekechwa.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka niliwashika mikono wote wawili na kuwavuta, yule mdogo akalia maana nilimuumiza, na kwamba sikusimama mpaka tulipofika uani. Mama yao alitoka mbio akiwa bado ameshika mfuniko wa sufuria yangu. Nikamwambia, "Chini ya chumba kile kuna kisima."

Bwana Funguo alicheka. Alisema dada huyu ni mwalimu, ana utani mwingi. Hakuna aliyecheka naye. Nesi aliwavuta wanawe kiunoni pake, akamkagua mdogo mkono, halafu akaniuliza swali moja tu, bila kupandisha sauti, "Umejua tangu lini?"

Waliondoka, na dalali aliondoka nyuma yao akiita. Jumatatu alinirudishia funguo zetu kupitia kwa mtu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kumpigia magoti Fundi Timazi. Hakunilaumu. Alikuja na tindo, akalala kifudifudi mlangoni na kuanza kutoboa sakafu kwa mkono ulionyooshwa, mwili wake wote ukiwa ukumbini. Zege lilikuwa unene wa vidole vitatu. Chini yake mbao, au kilichowahi kuwa mbao, maana zilibonyea kama mkate uliolowa. Chini ya mbao hakuna kitu. Alishusha timazi kwenye lile tundu, kamba ikaenda, ikaenda, ikaisha. Tukaunga kamba yangu ya nguo. Ilipokaribia kuisha nayo tukasikia chubwi, mbali sana. Fundi alirudi nyuma kwa magoti mpaka sebuleni kabla hajasimama, na yule mzee hana tabia ya kuogopa. Alisema zege lile lilikuwa limejishikilia lenyewe, naye hawezi kunieleza lilishikilia nini miaka yote hii.

Sasa kaka, swali la yule nesi nakujibu wewe.

Nimejua tangu mwezi ule Baba alipokuwa kitandani. Siku moja Mama alikuwa ametoka, Baba akaniambia nifunge mlango, akanieleza. Alipoinunua nyumba hii iling'aa kila mahali, na katikati ya chumba cha nyuma palikuwa na kabati zito ambalo muuzaji alimwachia kama zawadi. Mwaka uliofuata alivunja sakafu kupitisha bomba, akakikuta kisima kimefunikwa kwa mabati. Sisi tulikuwa wadogo, kila alichokuwa nacho kilikuwa kimeshaingia hapa, na alijua Mama akisikia hatalala humu hata siku moja. Akapanga mbao, akamwaga zege mwenyewe tulipokwenda kwa bibi, akanyamaza. Alinitaka nimuahidi kwamba nitakijaza polepole bila Mama wala wewe kujua. Nilimuahidi. Halafu alifariki, nami niliogopa hata kumwita fundi, kwa sababu fundi angeuliza, na jibu lingekuwa Baba yetu.

Mwaka mmoja baada ya mazishi ulikuja likizo na wifi na watoto. Mlikaa wiki tatu. Mlilala kile chumba, wanne.

Nilivisogeza vitanda vyenu ukutani kabla hamjafika, nikasema ni kwa ajili ya upepo. Niliwakataza watoto kuruka, ukanicheka kwamba ualimu umeniingia kwenye damu. Na kila asubuhi nilikuwa nawaletea chai kitandani kabla hamjaamka. Wifi alisema hajawahi kupata wifi mwenye upendo kama mimi, na mpaka leo huwasimulia watu. Haikuwa upendo, kaka. Nilikuwa nakuja kuona kama bado mpo.

Mara tatu nilifungua mdomo nikuambie. Mara ya tatu tulikuwa barazani wawili tu, ukaanza kumsifu Baba kwamba katika maisha yake hakuwahi kumdanganya mtu, macho yako yakalowa. Niliuogopa uso wako kuliko nilivyoliogopa lile shimo. Hiyo ndiyo kweli yangu, sina nyingine nzuri zaidi. Na bado mwaka huu nilikuwa tayari kuwakabidhi watu wengine chumba kile kile, tena kwa kabati, kama muuzaji yule alivyomfanyia Baba.

Habari za nyumba ni hizi. Fundi anakijaza: mawe makubwa kwanza, halafu kokoto, halafu udongo unaoshindiliwa kila baada ya shubiri moja. Malori manne yameshamwaga na bado hatuoni juu. Baadaye atasuka nondo, amwage sakafu mpya itakayoegemea kuta, na ule ufa ataushona kwa chuma kabla ya plasta. Anasema tusubiri mvua za msimu mzima zipite, abandike karatasi tena, na tukiuza tumwandikie mnunuzi kila kitu, na mahali penyewe tupachore. Yule mchomeleaji alipita juzi. Alisimama getini, hakuingia. Alisema hawatanunua, mkewe hawezi, na binti mdogo hataki kulala mbali na mama yake siku hizi. Kisha akaniambia asante. Ilikuwa afadhali angenitukana.

Mimi nimehamia kwa mwalimu mwenzangu kwa sasa. Mchana nakwenda kusimamia kazi. Jiwe linapotupwa huwa nasubiri mlio, na nikiusikia ndipo napumua.

Mama sijamwandikia. Miaka ishirini na mitatu alifagia chumba kile kila siku, na sijui nani kati yetu ana haki ya kumwambia, au ya kutomwambia. Hilo naliacha mikononi mwako. Wifi mwambie wewe mwenyewe, nakuomba, asisikie kwa mtu. Na ukinijibu, andika kwa mkono wako yale utakayoyasikia moyoni siku ya kwanza, usisubiri yapoe. Maneno ya upole yatanitisha zaidi. Lakini ukinyamaza, kaka, hapo sijui nitafanya nini.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka kwa majina na kwa vimo vyao. Mpe pole Mama kwa magoti. Mungu awalinde humo mnamolala.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku