Buluu Iliyokataa Kusonga

Githongo, Meru
21 Februari 1999

Mpendwa dada Nkirote,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Japani? Sisi tu wazima, na goti la Mama limetulia tangu jua lianze kuwaka.

Barua yako ilifika Jumanne ya juma lililopita. Nilimsomea Mama yote, hasa pale ulipomwomba ruhusa ya kukaa miaka mitatu zaidi na utafiti wako. Nilimweleza ule unga wa buluu: kwamba chuma na kobalti vimeshikana ndani yake kama fito za ghala, na mwanga ukiupiga, fito zinatanuka kidogo na unga unageuka sumaku.

Mimi nilikumbuka tulivyoburuta sumaku ya redio mbovu ya Baba njiani baada ya mvua, ikaota ndevu za mchanga mweusi. Na katika shajara yangu ya 1981 bado kuna ile Jumatatu uliyoenda shule na shati la rangi ya anga, kwa kuzidisha buluu ya kufulia. Nazitamani siku zile.

Sasa sikia. Kesho yake nilimkuta Mama kwenye meza ya kuanikia kahawa. Amemwaga buluu ya kufulia juani, na sumaku ile ile mkononi.

"Haisongi," akasema. "Muriuki, huyu mtoto amedanganywa. Mwambie arudi."

Nikamwambia yako ni nyingine, chembe zake hazionekani hata kwa hadubini ya shule, tena sharti ziwe kwenye baridi kupita barafu ya mlimani.

"Kupita barafu! Na wewe umekaa tu, hujamwambia avae sweta?"

Nilicheka, nikasema baridi hiyo imefungiwa ndani ya chombo. Wapi! Jioni hiyo mke wangu Kaari alikuwa ameshatumwa sokoni kununua sufu.

Jana Mama alimaliza kuifuma sweta. Nikamuuliza nikujibu nini. Aliikunja polepole, akaitemea mate kidogo pale kifuani, kama alivyokubariki wewe siku ulipoondoka.

"Amalize," akasema. "Lakini asiifue kabla hajaivaa."

Iko ndani ya kifurushi hiki.

Kaari anakusalimu sana. Mjomba Njuki naye anauliza kama umepata mchumba huko. Mungu akutunze kazini, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Muriuki