Wimbo wa Mama Mkwe Waenda Japani

Iringa, Jumamosi jioni, 1957

Vitani kule Burma Wajapani walinifyatulia risasi wakanikosa, sasa wananiomba wimbo! Dunia hii nimeizoea.

Karimbhai wa duka la vitambaa ana ndugu Japani. Huko kuna mwimbaji, mama mmoja, anayetengeneza santuri ya nyimbo za mataifa mengine, na anataka wimbo mmoja wa huku kwetu. Nikajigamba kwamba ninao. Lakini wenyewe ni wa mama mkwe, wa kusagia mahindi.

Leo mama mkwe kaja dukani na mke wangu. Aliponiona akajifunika kanga, maana kwetu mtu na mkwewe hawatazamani. Mashine ya kunasa sauti inazunguka bure, na kifurushi cha Japani kinaondoka na basi la kesho.

"Mwambie mumeo ageuke," akamwambia mke wangu.

Nikageuka, maikrofoni nimeinyoosha nyuma kama mkia. Akaimba! Karimbhai machozi yakamtoka waziwazi.

"Na jina langu liandikwe," mama akasema.

Nimeliandika mwenyewe juu ya kifurushi, kwa herufi kubwa. Langu nimeliacha.

Sasa santuri ikifika huku, Mjapani anaimba wimbo wa mkwe... gramafoni nayo niipe mgongo?