Kuta za Fundi Asukulu

Baraka, Jumapili. Mvua imeanza alfajiri na bado iko, ile ndogo ndogo isiyo na haraka. Mvua ya namna hii siipendi, na sababu ninayo.

Baada ya ibada kamati ilikaa kuzungumzia kanisa letu la zamani, lililobaki msingi na majani. Mimi ni karani: kazi yangu kuandika wanayosema wengine na kumaliza chai. Walikubaliana upesi kwamba jipya litakuwa la bloki za simenti, mraba kama depo ya mizigo. Yale matao ya Fundi Asukulu hayatarudi. Mwenyekiti, ambaye vita vilimkuta bado anabebwa mgongoni, alieleza kwamba kazi ya fundi huyo haikuwa na nguvu, ndiyo maana kuta zilianguka zenyewe.

Mama Apendeki, binti wa marehemu Asukulu, alikuwa amekaa karibu na mlango. Akanigeukia.

"Mwalimu, we ndiye ulibakiaka nyuma. Sema basi. Kazi ya baba ilikuwa mubaya?"

Nikajibu kwamba tutaangalia kwenye makaratasi.

Makaratasi gani, jamani?

Ukweli ni huu. Watu walipokwisha kuvuka ziwa kukimbia vita, mimi na binamu yangu tulibaki siku mbili. Nilijua askari wakifika watang'oa mabati ya kanisa. Tukayashusha yote, tukayafukia katika shamba la mihogo, nami nikapanda mtumbwi nikijiona nina akili kuliko Baraka nzima.

Kuta zenyewe zilikuwa za matofali mabichi, ya kukaushwa juani. Kila kiangazi kila familia ilikuwa na kipande chake cha ukuta cha kukandika upya. Nami, mwalimu mzima, nikaziacha bila paa, masika baada ya masika.

Tuliporudi, mabati yalikuwa salama. Kanisa lilikuwa lundo la udongo.

Nikasema kuta zilianguka kabla sijavuka, ndipo nikayaokota mabati. Binamu alikuwa amebaki ng'ambo, hakuna wa kunipinga. Wakanipigia makofi. Mpaka leo wananiita Mwalimu Mabati, na jina hilo, niseme kweli, nimelifurahia.

Sikufikiri kwamba kuta zikianguka zenyewe, lazima watu watasema kuna aliyezijenga vibaya.

Mchana nilikwenda kwa Mama Apendeki. Nilimkuta barazani akigeuza ndakala, samaki wake wadogo waliokataa kukauka. Nikamwambia yote, nimesimama, viatu vimejaa tope. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Aliendelea kugeuza samaki, kisha akauliza kama tao la mlangoni nalo lilianguka.

Halikuanguka. Nililikuta limesimama peke yake juu ya lundo, tukalibomoa sisi tuliorudi wa kwanza, tukiogopa litaumiza watoto.

Akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Mi najua baba alijenga muzuri," akasema. "Enda uambie bale benye habajue."

Hakunikaribisha kiti, na sikustahili.

Jumapili ijayo mimi ndiye nasoma matangazo ibadani, mbele ya hao wote wasiojua. Langu nimeliandika la kwanza, juu ya lile la harusi, kwa maana najijua: likiwa la mwisho, nitasema muda umekwisha.